Mafumbo ya hesabu yaanzie kwenye mavuno ya Kibaoni

Neno vuli lina maana mbili katika Kiswahili cha leo. Kwa watu wa pwani na wa kaskazini mashariki mwa nchi, vuli ni mvua fupi zinazonyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kwa wafasiri, vuli ni jina lililoazimwa ili kutaja msimu wa Ulaya na Marekani ambapo majani hugeuka rangi, hukauka na kudondoka. Kibaoni, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe mkoani Katavi, hakuna vuli ya kwanza wala ya pili. Mvua huku ni ya mkupuo mmoja, ile ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huiita mvua za msimu: inaanza Novemba, inaisha Aprili, na baada yake ni mavuno na kiangazi. Lakini mwalimu wa shule ya msingi anayeingia mtandaoni kutafuta mazoezi ya hesabu yanayoendana na majira ya mwaka hukutana na lundo la karatasi za vuli ya ughaibuni: matufaha yaliyochumwa vikapu vitatu, maboga yaliyochongwa macho na meno, majani mekundu yanayohesabiwa chini ya mti. Ni za bure, zina picha za kuvutia, na siku hizi programu za akili unde huzitunga kwa sekunde chache. Mtoto wa Kibaoni anastahili kitu kingine, na sababu ninayoitoa hapa ni ya kihesabu kabla ya kuwa ya kizalendo.

Katika vitabu vyetu vya Hisabati, swali la maneno huitwa fumbo. Jina hilo limechaguliwa vizuri, kwa sababu fumbo katika Kiswahili halijibiwi kwa kukariri. Hufumbuliwa na mtu anayekijua kitu kinachosemwa. Anayetega kitendawili hutegemea kwamba msikilizaji ameshaona kuku, yai, mwiba na kivuli. Ndiyo maana jibu lisilo sahihi hugunduliwa papo hapo, na mara nyingi anayeligundua kwanza ni huyo huyo aliyelitoa. Fumbo la hesabu linapaswa kufanya kazi hiyo hiyo. Ubora wake haupimwi kwa urefu wa maneno wala kwa uzuri wa picha iliyo pembeni. Unapimwa kwa jambo moja: je, mwanafunzi akipata jibu la ovyo, ana njia yake mwenyewe ya kulitilia shaka kabla mwalimu hajaweka alama ya kosa? Akiwa nayo, fumbo limemfundisha kufikiri. Akikosa, amefanya zoezi la kubahatisha, na mwamuzi pekee aliyebaki ni kalamu nyekundu.

Ushahidi wa jambo hili umekuwapo kwa miaka 40. Mwaka 1985, watafiti Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Recife, mji wa kaskazini mashariki mwa Brazil, kwa watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Watafiti walijifanya wateja wa kawaida, wakawauliza bei na chenji. Katika maswali 63 ya sokoni, watoto walipatia zaidi ya asilimia 98. Baadaye waliwapa hesabu hizo hizo kwa karatasi na penseli. Zilipoandikwa kama mafumbo walipatia takriban asilimia 74, na zilipoandikwa kama tarakimu tupu walishuka hadi takriban asilimia 37. Mvulana mmoja wa miaka 12, alipoulizwa bei ya nazi nne ambazo moja inauzwa 35, alianza na nazi tatu, 105, akaongeza ya nne, akafika 140. Alipopewa 35 mara 4 kwenye karatasi, alizidisha 4 kwa 5 akapata 20, akabeba 2, akaijumlisha na 3 kabla ya kuzidisha, akaandika 200. Mtoto ni yule yule, namba ni zile zile. Tofauti ni kwamba pale kwenye meza ya nazi 200 ingemshtua, maana anajua nazi nne haziwezi kufika huko. Kwenye karatasi hapakuwa na nazi ya kumshtua.

Fumbo lisipogusa kitu anachokijua, mtoto huzoea kuamini kwamba darasani maana haihitajiki. Mwaka 1980, watafiti wa taasisi ya ufundishaji wa hisabati ya Grenoble, Ufaransa, waliwauliza wanafunzi 97 wa madarasa ya awali ya shule ya msingi swali la ajabu: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Wanafunzi 76 walitoa jibu kwa kuzichanganya namba hizo kwa namna moja au nyingine. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza kanuni ya kimya kimya ya shule: ukiona namba mbili na alama ya kuuliza, fanya kitu chochote, usihoji. Marekani nako, katika upimaji wa kitaifa wa 1983, vijana wa miaka 13 waliulizwa yatahitajika mabasi mangapi kusafirisha askari 1,128 iwapo basi moja linabeba 36. Takriban asilimia 70 walifanya mgawanyo sahihi, wakapata 31 na baki 12. Walioandika mabasi 32 walikuwa asilimia 23 tu. Wengine waliandika 31 na baki 12, kana kwamba kuna basi linaloitwa baki, na wengine wakawaacha askari 12 njiani. Waliweza kugawanya, walichosahau ni kwamba wanagawanya watu.

Sasa tulete swali hilo hilo Kibaoni, tulivue sare ya kijeshi na tulivike mavuno. Familia ya watu sita imevuna magunia 10 ya mahindi, kila gunia debe tano. Nyumbani wanamaliza debe moja kila baada ya siku tisa. Mahindi mabichi ya msimu ujao yataanza kuliwa mwanzoni mwa Machi. Kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 28 Februari, familia iweke akiba debe ngapi, na iuze ngapi? Mwanafunzi wa darasa la tano atahesabu siku za kila mwezi, atapata 273, atagawanya kwa tisa, atapata 30 na baki tatu. Hapa ndipo fumbo linapoanza kufanya kazi yake. Hiyo tatu ni nini? Mtoto wa Manhattan aliyepewa swali hili angeweza kuiandika kama baki na kuendelea. Mtoto wa Kibaoni akitulia kidogo anaiona: ni siku tatu za mwisho wa Februari ambazo chungu hakitakuwa na ugali. Anajua Februari ilivyo, mwezi ambao shamba ni kijani na ghala ni tupu. Hatahitaji kufundishwa kanuni ya kukadiria kwenda juu. Ataweka debe 31, na atauza 19, kwa sababu anajua kinachotokea kwa anayeweka 30.

Fumbo la namna hii lina sifa nyingine: halifungiki kwenye mstari mmoja. Mwalimu akishapata jibu la kwanza anaweza kuuliza, na dumuzi je? Tuseme katika kila debe kumi zilizowekwa, debe moja huliwa na wadudu. Debe ngapi ziwekwe sasa? Hili ni swali la sehemu na asilimia, mada ambazo watoto wengi huziona kama michoro ya keki ambayo hawajawahi kuikata. Wakijaribu debe 34, watatoa moja ya kumi, yaani debe 3.4, na kubakiwa na 30 na ziada kidogo, zinazotosha siku 275. Za kuuza zinashuka kutoka 19 hadi 16. Kisha linakuja la tatu: tufanye debe moja lina kilo 18, na bei ya kilo ni shilingi 600 mwezi Juni lakini inapanda hadi 900 mwezi Januari. Akisubiri anapata zaidi, lakini dumuzi naye hasubiri. Bei gani inafidia hasara gani? Hapo darasa zima linabishana, na ubishi wenyewe ni hisabati. Mtoto mmoja atasema tuuze nusu. Mwingine atauliza ada ya mashine, mwingine atakumbusha sare ya shule ya Januari. Kila hoja italazimika kusimama juu ya namba.

Mfano wa pili unagusa haki. Kila msimu wa mavuno, wanunuzi wa mazao huja na magunia yaliyoshonewa kilemba juu, yale tunayoyaita lumbesa. Kanuni za vipimo nchini zinataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukilikemea jambo hili kwa miaka mingi, lakini lumbesa haijafa. Inaendelea kuishi kwa sababu bei hupatanwa kwa gunia, na macho hayawezi kupima kilo. Mpe mtoto wa darasa la nne fumbo hili: debe moja la mahindi lina kilo 18, gunia la lumbesa limejazwa debe saba, mnunuzi analipa kama gunia la kilo 100. Mkulima ametoa bure kilo ngapi? Saba mara 18 ni 126. Zimetoka kilo 26. Kwa magunia 20 ni kilo 520. Kwa bei ile ile ya shilingi 600 kwa kilo, ni shilingi 312,000. Mtoto aliyekokotoa namba hiyo kwa mkono wake, kisha akarudi nyumbani akakuta gunia lenye kilemba uani, atauliza swali ambalo hakuna kampeni ya redio inayoweza kulizidi. Kuzidisha kutakuwa kumepata kazi.

Msimu wetu haukosi uzuri pia, kama kuna anayedhani nataka kuwalisha watoto magunia matupu. Katika misitu ya miombo inayozunguka Mpimbwe na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, miti hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kati ya Julai na Septemba, na wiki chache kabla ya mvua mingi huchipua majani mekundu na ya rangi ya shaba. Ulaya jani huwa jekundu linapokaribia kufa; Katavi jani la mti wa miombo uitwao mtundu huwa jekundu linapozaliwa. Hilo ni fumbo la sayansi na la hesabu kwa pamoja: watoto wachague tawi moja, wahesabu majani kila Ijumaa, wachore grafu ya kupungua na ya kuongezeka. Katika Mto Katuma, maji yanapopungua, viboko hubanana kwenye madimbwi machache kwa mamia, na namna ya kuwahesabu bila kumhesabu mmoja mmoja ni somo la makadirio. Kuna mizinga ya nyuki, kuna ndoo za asali, kuna mpunga unaopurwa na kupimwa, kuna ng'ombe wa wafugaji wanaotembezwa umbali mrefu kutafuta maji. Lugha yenyewe imejaa vipimo. Methali ya haba na haba hujaza kibaba ni somo la kujumlisha, na wazee waliojua kwamba vibaba viwili ni kisaga na visaga viwili ni pishi walikuwa wakizidisha kwa mbili kabla ya kuona ubao.

Pingamizi la kwanza ni kwamba hesabu haina kwao. Mbili na mbili ni nne Kibaoni na ni nne Stockholm, na mtihani wa taifa hautungwi kwa kuangalia mvua za Katavi. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayonipa nguvu. Kwa kuwa nne ni nne kila mahali, mtoto hapotezi chochote kwa kuifikia kupitia debe badala ya tufaha. Mtihani unadai ujuzi wa kugawanya, kutafuta asilimia, kusoma jedwali. Haudai ujuzi wa matufaha. Na tukitazama tulipofika kwa njia tuliyoizoea, hatuna cha kujivunia. Katika mitihani ya kidato cha nne ya 2021 na 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu Hisabati. Anguko hilo halianzi kidato cha kwanza. Upimaji wa Uwezo, ulioanza kufanywa majumbani nchini mwaka 2010, uliendelea kuonyesha watoto wengi wa darasa la tatu wakishindwa hesabu za darasa la pili. Mtoto anayefika darasa la saba akiamini kwamba hesabu ni kuchanganya namba hadi mwalimu aridhike, ataingia sekondari na imani hiyo, na huko lugha ya kufundishia itabadilika juu ya kichwa chake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wazazi wenye nia njema. Wanasema: tunawapeleka watoto shule ili watoke shambani, nawe unataka kuwarudisha shambani hata kwenye daftari. Wasiwasi huo unastahili heshima. Lakini fumbo ni mlango wa kuingilia, na hakuna aliyesema mtoto akae mlangoni. Kibaoni ndiko nyumbani kwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015 na kujulikana nchi nzima kama mtoto wa mkulima. Kulijua jembe hakukumzuia kuijua bajeti ya taifa. Hata hivyo nakiri kwamba kuna hatari halisi hapa, na imepimwa. Mwaka 2025, timu ya watafiti wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walioshinda Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, ilichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya watoto wanaofanya kazi sokoni Kolkata na Delhi. Watoto hao walikokotoa mauzo magumu kichwani bila shida, lakini wengi walikwama kwenye hesabu rahisi zaidi za mtindo wa shule. Watoto wa shule wasiofanya biashara walikuwa kinyume chake: waliweza za daftari, wakashindwa za sokoni. Ujuzi haukuvuka wenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Matokeo hayo hayaivunji hoja yangu; yanaiwekea masharti. Kumbe haitoshi mtoto kuuza karanga mnadani, na haitoshi pia kukariri jedwali la saba. Mtu anapaswa kujenga daraja kati ya debe na tarakimu, na mjenzi huyo ni mwalimu mwenye fumbo zuri mkononi. Baada ya watoto kufumbua swali la debe 31, mwalimu aandike ubaoni 273 ÷ 9, aonyeshe kila hatua ya mgawanyo mrefu ilikuwa inafanya nini ghalani, kisha aulize: ni kitu gani kingine kinagawanywa hivi? Mabasi. Vyumba vya kulala. Malori ya tani kumi kutoka Mpanda. Siku za dozi ya dawa. Hatua hiyo ya mwisho, ya kutoka ghalani hadi kwenye kanuni na kutoka kwenye kanuni hadi duniani, ndiyo inayomtoa mtoto Kibaoni akiwa na kitu cha kubeba. Baada ya hapo mletee hata tufaha. Mweleze ni tunda gani, linaota wapi, kwa nini watu wa huko wanalivuna Septemba. Litakuwa somo la jiografia lenye hesabu ndani yake, na litamkuta mtoto ambaye tayari anajua kwamba namba hubeba maana.

Wapo pia wanaosema kwamba mazingira halisi humchanganya mtoto. Barry Cooper na Máiréad Dunne walionyesha jambo hilo nchini Uingereza mwaka 2000 katika kitabu chao juu ya mitihani ya hisabati ya watoto. Swali mojawapo lilisema lifti inabeba watu 14, na asubuhi watu 269 wanataka kupanda. Itapanda mara ngapi? Jibu lililotakiwa ni 20. Ili kulipata, mtoto akumbuke kwamba lifti haipandi sehemu ya safari, lakini asikumbuke kwamba wengine watachoka kusubiri na kupanda ngazi. Watoto wa familia za wafanyakazi wa kipato cha chini ndio walioumia zaidi kwenye maswali ya namna hii, kwa kuwa waliyachukulia kama maisha ya kweli. Kwangu funzo lake liko wazi: kosa lilikuwa la anayesahihisha. Mtoto wa Mpimbwe akijibu kwamba familia iweke debe 33 kwa sababu wageni huja Desemba, mwalimu asimkate. Amwambie aonyeshe wageni wangapi, siku ngapi, debe kiasi gani, na hesabu yake ikisimama apewe alama. Na kwa kuwa si kila nyumba inalima, mafumbo yasiwe ya mahindi tu. Mtoto wa mfugaji apate ng'ombe wake, wa mvuvi wa Ziwa Rukwa apate samaki wake, wa fundi cherehani apate mita zake za kitambaa. Msimu wa mavuno unawafikia wote hao, maana ndio unaopanga bei ya unga kwa kila mmoja.

Pingamizi la mwisho ndilo ninalolionea huruma zaidi: mwalimu hana muda. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 umeongezeka zaidi ya maradufu katika miaka kumi, kwa kasi iliyoongoza nchi nzima. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, iliwafungulia mlango watoto waliokuwa nje, na madarasa yakafurika. Kumtaka mwalimu mwenye darasa la namna hiyo atunge mafumbo mapya kila siku ni kumwonea. Lakini fumbo moja kwa wiki halihitaji kitabu, printa wala bando. Linahitaji ubao na chaki, na taarifa ambazo kijiji tayari kinazo: bei ya wiki hii mnadani, uzito wa debe lililopimwa kwenye mizani, idadi ya siku tangu mvua ya mwisho. Afisa ugani wa kata anazo nyingi. Watoto wenyewe wanaweza kutumwa kuziuliza nyumbani, na hapo mzazi aliyedhani hana la kuchangia kwenye Hisabati anajikuta yeye ndiye mwenye kitabu. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, yameshawakusanya walimu katika jumuiya za ujifunzaji shuleni. Kila shule ikitunga mafumbo manne kwa muhula na kubadilishana na majirani, kata moja itapata hazina ya kutosha kabla ya mwaka kwisha.

Wala jambo hili halipingani na sera. Ni deni la zamani. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, alitaka elimu ya msingi imuandae mtoto kwa maisha ya jamii anayoishi, na shule isiwe kisiwa. Tuliyoyatekeleza haraka yalikuwa mashamba ya shule. Watoto wakashika majembe, lakini mara nyingi shamba lilibaki upande wake na daftari la Hisabati upande wake, kana kwamba magunia yaliyovunwa asubuhi hayawezi kugawanywa mchana. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unazungumzia kujenga umahiri, na tunaelekea shule ya msingi ya miaka sita badala ya saba. Mwaka mmoja ukiondoka, kila kipindi cha Hisabati kinakuwa ghali zaidi. Taasisi ya Elimu Tanzania huandika kitabu kimoja kwa nchi nzima, na haiwezi kuujua msimu wa kila kata. Inachoweza kufanya ni kuacha nafasi katika mwongozo wa mwalimu na kusema wazi: hapa weka fumbo la kwenu, nalo liwe na haki sawa na la kitabuni. Halmashauri nazo, zinapoandaa mitihani ya majaribio, ziingize mafumbo ya msimu, maana kisichopimwa hakifundishwi.

Nimesema mwanzoni kwamba fumbo zuri ni lile ambalo mtoto anaweza kulikataa jibu lake mwenyewe. Uwezo huo una thamani kubwa kuliko mtihani. Mtu mzima anayeletewa mkopo wa pembejeo, mkataba wa tumbaku au gunia lenye kilemba, analindwa na kitu kimoja tu pale mezani: sauti ndogo ndani yake inayosema namba hii haiwezekani, hebu turudie. Sauti hiyo haioti ukubwani yenyewe. Inapandwa darasa la pili na la tatu, kwenye maswali madogo ambayo mtoto alijua jibu linapaswa kufanana na nini kabla hajaanza kukokotoa. Wiki hizi za baada ya mavuno, mahindi yakiwa bado yanapukuchuliwa uani na vihenge vikijazwa, ndio wakati wa kuipanda Kibaoni. Mwalimu aandike ubaoni siku 273 na debe moja kwa siku tisa, akae pembeni, asubiri. Kuna mtoto atakayeandika 30, ataitazama, ataifuta kwa kiganja, na kuandika 31.